Utunzaji wa Vali ya Mtambo wa Kulainisha Maji

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika hospitali moja ya pwani kuutazama mtambo wa kulainisha maji uliosemekana kuwa umekufa. Maji yake yalilisha chombo cha mvuke cha kutakasia vifaa vya upasuaji, na chombo hicho kilikuwa kimeshika ukoko mzito wa chokaa. Barua ya kuagiza mtambo mpya kutoka ng'ambo ilikuwa tayari mezani, ikingoja sahihi. Tuliifungua vali, tukatoa kipande cha plastiki kisichozidi kidole cha mtoto, na ndani ya tundu lake tukakuta chembe ya mchanga. Kuiondoa kulichukua dakika chache. Barua haikutiwa sahihi.

Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini chembe moja iliweza kuuzuia mtambo mzima, na jinsi vali hiyo inavyosafishwa. Elimu inayohitajika ni ile ya fizikia na kemia ya shule ya sekondari. Kinachokosekana aghalabu ni kuihusisha elimu hiyo na kitu kilicho mbele yetu.

UGUMU WA MAJI

Visima vingi vya pwani yetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Maji ya mvua hubeba kaboni dioksidi kutoka hewani na udongoni, na kwa hiyo huyayeyusha mawe hayo kidogo kidogo:

CaCO₃ + CO₂ + H₂O → Ca(HCO₃)₂

Maji yenye ioni nyingi za kalsiamu na magnesiamu huitwa maji magumu. Sabuni haitoi povu upesi ndani yake. Yakichemshwa, badiliko hilo hurudi nyuma, na kalsiamu kabonati hujishikiza katika birika na mabomba. Ukoko huo hupitisha joto kwa shida sana ukilinganishwa na chuma, hivyo kuni au umeme mwingi hupotea bure.

Kuna mahali ambapo hasara si ya umeme tu. Katika matibabu ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, maji yanayotumika hukutana na damu kupitia utando mwembamba. Mwaka 1967 madaktari walieleza katika majarida yao hali ya wagonjwa waliopata kichefuchefu, kutapika, udhaifu na shinikizo la juu la damu kwa sababu maji yaliyotumika yalikuwa magumu. Hapo vali iliyoziba ni jambo la afya ya mtu.

MTAMBO UNAVYOFANYA KAZI

Mwaka 1850 Mwingereza H. S. Thompson alitangaza kwamba alipopitisha myeyusho wa amonia salfeti katika udongo, amonia ilibaki udongoni na kalsiamu ikatoka badala yake. Ndivyo ubadilishanaji wa ioni ulivyoanza kujulikana. Siku hizi, badala ya udongo, hutumika punje ndogo za plastiki maalumu iitwayo rezini, zilizojaa ioni za sodiamu. Tukiiandika rezini kwa herufi R:

2NaR + Ca²⁺ → CaR₂ + 2Na⁺

Rezini huipenda kalsiamu kuliko sodiamu. Je, itawezekanaje kuirudisha sodiamu mahali pake? Jibu ni wingi. Tukipitisha maji yenye chumvi nyingi ya kawaida, ioni za sodiamu huwa nyingi mno hata kalsiamu hulazimika kuondoka. Wengi wape, walinena wazee, na kanuni ya Le Chatelier husema hivyo hivyo.

Tuchukue mfano. Lita moja ya rezini huweza kushika ugumu sawa na gramu 50 hivi za kalsiamu kabonati. Mtambo wenye lita 25 za rezini utashika gramu 1,250. Ikiwa maji ya kisima yana ugumu wa miligramu 300 kwa lita, basi:

1,250 ÷ 0.3 = lita 4,166 hivi

Baada ya hapo rezini imeshiba, na ni lazima ioshwe kwa chumvi.

KAZI YA VALI

Vali hukaa juu ya tangi la rezini. Ndani yake mna pistoni inayosogea kati ya pete za mpira, na kila inaposogea hufungua njia moja na kufunga nyingine. Hivyo maji hupitishwa katika hatua tano:

1. Matumizi: maji hushuka katika rezini na kutoka yakiwa laini.
2. Kuosha kinyumenyume: maji hupanda kutoka chini, huichambua rezini na kutoa taka.
3. Kunyonya chumvi: maji ya chumvi huvutwa kutoka katika pipa lake na kupitishwa polepole katika rezini.
4. Kusuuza: chumvi iliyobaki huondolewa.
5. Kujaza pipa: maji hupelekwa katika pipa ili kuyeyusha chumvi ya safari ijayo.

Hatua ya tatu ndiyo inayokwama mara nyingi, nayo haina pampu yoyote. Inategemea mdomo wa Venturi, ulioitwa kwa jina la Mwitalia Giovanni Battista Venturi, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1797. Mdomo huo una vipande viwili: pua, yenye tundu jembamba, na koo, inayopanuka taratibu.

Maji yakipita kutoka njia yenye kipenyo cha milimita 10 na kuingia katika tundu la milimita 2, eneo hupungua mara 25, na kasi huongezeka mara 25. Bernoulli alitufundisha mwaka 1738 kwamba kasi ikiongezeka, shinikizo hupungua. Katika pua shinikizo hushuka chini ya lile la hewa ya nje. Ndipo hewa inayokandamiza uso wa maji ya chumvi huyasukuma kupanda katika mrija. Anywaye dafu kwa mrija hufanya jambo hilo hilo.

Sasa tazama chembe yetu ya mchanga. Ikiziba pua, maji hayapiti kwa kasi, shinikizo halishuki, chumvi hainyonywi na rezini hubaki imeshiba. Saa ya mtambo itazunguka na pistoni itasogea kama kawaida, lakini kazi haifanyiki.

KUTAMBUA UBOVU KABLA YA KUFUNGUA

Fundi mwenye busara hutazama kwanza, kisha ndipo hushika bisibisi.

Chumvi haipungui katika pipa na sabuni haitoi povu: chunguza mdomo wa Venturi. Lakini kabla ya kuufungua, hakikisha kuwa bomba la maji taka halikuziba wala kupindika, kwani shinikizo la kurudi nyuma huzuia unyonyaji. Hakikisha pia kuwa mrija wa chumvi hauingizi hewa. Mrija uliotoboka haunyweshi dafu.

Maji ya bomba yana ladha ya chumvi: kusuuza hakukukamilika, aghalabu kwa sababu shinikizo la maji ni dogo au njia zimeziba kiasi.

Maji hutiririka kwenye bomba la taka bila kukoma: pete za pistoni zimechakaa au zimechubuka.

HATUA ZA KUSAFISHA

1. Waarifu watumiaji. Fungua njia ya kando na ufunge maji yanayoingia mtamboni.
2. Isogeze vali kwenye hatua ya kuosha kinyumenyume ili shinikizo litoke. Kisha chomoa umeme.
3. Fungua kifuniko cha mdomo wa Venturi. Toa kichujio kidogo, pua na koo. Vipange juu ya kitambaa safi kwa utaratibu ule ule vilivyotoka.
4. Viloweke katika siki au maji ya ndimu yenye uvuguvugu. Asidi huyeyusha chokaa. Viputo utakavyoviona ni vya kaboni dioksidi. Kisha visuuze vizuri.
5. Tazama tundu la pua kuelekea mwangaza. Likiwa bado limeziba, tumia njiti ya ufagio wa chelewa. Usitumie sindano wala waya, kwani tundu likipanuliwa halitakuwa na kipimo chake tena.
6. Kagua pete za mpira. Zipake grisi ya silikoni kidogo. Usitumie mafuta ya petroli, ya kupikia wala ya kujipaka, kwani huweza kuuvimbisha na kuuharibu mpira.
7. Rudisha kila kitu mahali pake bila kukaza kupita kiasi, plastiki hupasuka.
8. Fungua maji polepole, rudisha umeme, na uisogeze vali kwenye hatua ya kunyonya chumvi. Weka alama ya penseli ndani ya pipa kwenye usawa wa maji. Baada ya dakika 10 usawa uwe umeshuka.
9. Kamilisha mzunguko mzima, kisha pima maji kwa sabuni.

Kumbuka pia kwamba mtambo huu hauui vijidudu. Tena, kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa katika lita moja, miligramu 46 za sodiamu huingia. Mtu aliyeagizwa na daktari kupunguza chumvi atengewe maji mengine ya kunywa. Maji yatokayo katika kuosha rezini yasimwagwe bustanini.

MAZOEZI

1. Mtambo wa mfano wetu ukipewa maji yenye ugumu wa miligramu 200 kwa lita, utalainisha lita ngapi kabla ya kuoshwa?
2. Ukoko umepunguza kipenyo cha pua kutoka milimita 2 hadi milimita 1. Eneo la tundu limebaki sehemu gani ya lile la mwanzo?
3. Chukua maji ya mvua, ya kisima, na ya kisima yaliyochemshwa na kupozwa, kila moja kwa kiasi sawa. Hesabu matone ya maji ya sabuni yanayohitajika ili povu lidumu dakika moja. Eleza tofauti unayoiona.

Walimu wanashauriwa kufanya zoezi la tatu darasani, kisha kuwapeleka wanafunzi kuuona mtambo wenyewe katika hospitali, hoteli au kiwanda kilicho jirani. Wamwombe fundi awafungulie vali. Mwanafunzi aliyeishika pua ya Venturi mkononi na kuona mwanga kupitia tundu lake hatakubali kwa urahisi kuambiwa kwamba mtambo umekufa.