Safari ya Paraglaidi ya Masafa Marefu: Mwili, Akili na Kukata Shauri

Utangulizi

Paraglaidi ni chombo cha kuruka kisicho na injini. Rubani huketi katika kiti cha mikanda kinachoning'inia kwa kamba nyembamba chini ya bawa la kitambaa. Wengi huruka kwa dakika chache tu, kutoka mlimani hadi uwanja ulio bondeni. Safari ya masafa marefu ni jambo jingine. Rubani hutafuta mkondo wa hewa moto unaopanda, huzunguka ndani yake hadi apate kimo, kisha huuacha na kuteleza kuelekea mkondo mwingine ambao hana hakika kama upo. Hukaa angani kwa saa nyingi, na hutua mbali na alipoanzia.

Nchini Kenya, safari za namna hiyo hufanyika kwenye ukingo wa Elgeyo, juu ya Bonde la Kerio. Makala haya yanaeleza jinsi safari hiyo inavyoulemea mwili na kuathiri uamuzi, na jinsi mhudumu wa afya anavyoweza kumsaidia rubani kabla ya kuruka na baada ya ajali.

Maana ya kukata shauri

Katika hewa tulivu, bawa la kisasa husonga mbele mita 8 hadi 10 kwa kila mita 1 linayoshuka. Kwa hiyo aliye mita 1,000 juu ya ardhi anaweza kufika umbali wa kilomita 8 hivi. Upepo wa mbele au hewa inayoshuka hupunguza umbali huo sana. Kila anapouacha mkondo, rubani anatumia akiba asiyoweza kuirudisha kwa hiari yake. Asiyethubutu kuondoka hafiki popote, na anayesitasita katikati ya njia hupoteza kimo bila kukaribia alikokusudia wala alikotoka.

Hata hivyo, kukata shauri si ukaidi. Kuna masharti mawili yanayokubaliwa mapema: kusonga mbele kwa nia moja maadamu upo uwanja wa kutua unaofikika, na kutua mara sharti hilo linapokosekana, hata kama lengo limekaribia. Timu ya upasuaji hufanya vivyo hivyo inapokubaliana, kabla ya mpasuo wa kwanza, ni hali gani itakayowafanya wasitishe kazi. Mpaka uliowekwa katika utulivu huheshimika zaidi kuliko ule unaotafutwa katikati ya taharuki.

Jinsi mwili unavyopotosha uamuzi

Oksijeni. Mji wa Iten uko kwenye kimo cha takriban mita 2,400. Anayeanzia hapo akapanda mita 1,500 zaidi anakaribia mita 4,000, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 ya ile ya pwani. Mwanariadha aliyelelewa Iten amezoea nyanda hizo. Mgeni aliyewasili jana kutoka Mombasa hajazoea. Hatari kubwa ya upungufu wa oksijeni ni kwamba hauumi. Mara nyingi huleta uchangamfu usio na sababu, kuchelewa kutambua mambo na kung'ang'ania mpango wa awali. Kiungo kinachopaswa kugundua hatari, yaani ubongo, ndicho kinachodhoofika.

Baridi. Joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na rubani hukaa bila kujongea huku upepo ukimpiga. Vidole vikifa ganzi, kuvuta kamba za usukani au kishikio cha parashuti ya dharura huwa kazi ngumu.

Maji. Marubani wengi hawanywi maji kabla ya kuruka kwa kuwa hawawezi kujisaidia angani. Hewa kavu ya juu huongeza upotevu wa maji, na matokeo yake ni maumivu ya kichwa, uchovu na umakini hafifu. Wanaume wanaweza kutumia kondomu yenye mrija wa mkojo, na wanawake nepi za watu wazima. Ushauri huo utolewe bila haya.

Funzo la Manilla

Mwezi Februari 2007, karibu na Manilla nchini Australia, rubani Ewa Wiśnierska alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya dunia alipovutwa ndani ya wingu la radi. Kifaa chake kilirekodi kimo cha mita 9,946. Alipoteza fahamu kwa zaidi ya nusu saa, akazinduka bawa likiwa bado linaruka, na akatua akiwa hai, mwenye majeraha ya baridi kali. Rubani mwingine, He Zhongpin wa China, alipoteza maisha katika dhoruba hiyohiyo.

Marubani hao hawakuwa wanagenzi. Ndani ya wingu la namna ile hewa hupanda kwa kasi inayoshinda kila mbinu ya kushuka, na ustadi hauna tena la kufanya. Uamuzi unaookoa maisha hufanywa mapema, wingu likiwa bado mbali na njia ya kushuka ikiwa wazi.

Ushauri kabla ya kuruka

Mwenye kifafa, anayezimia bila sababu kujulikana au mwenye ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa asiruke peke yake. Anayetumia insulini awe na kibali cha daktari wake, kwa kuwa sukari ikishuka angani hakuna wa kumsaidia. Mgonjwa wa selimundu aepuke safari za juu, maana upungufu wa oksijeni huchochea chembe kujikunja na kuziba mishipa. Hata aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu anaweza kupata madhara ya wengu. Akipata maumivu makali upande wa juu kushoto wa tumbo, ashuke na kwenda hospitali. Dawa za kichefuchefu na za mafua zinazoleta usingizi zisitumiwe siku ya kuruka.

Huduma kwa majeruhi

Rubani huanguka akiwa ameketi, hivyo nguvu ya kishindo hupita kwenye makalio hadi mgongoni. Pingili zinazovunjika mara nyingi ni zile za mpaka wa kifua na kiuno. Mhudumu azingatie haya:

1. Kwanza lidhibitiwe bawa. Upepo ukilijaza, litamburuta majeruhi pamoja na mwokoaji.
2. Asisimamishwe wala kuketishwa, hata akisema anaweza kutembea. Ageuzwe kama gogo, kwa watu kadhaa wakiongozwa na mmoja, kisha abebwe kwa machela au ubao.
3. Apimwe hisia na nguvu za miguu, na matokeo yaandikwe pamoja na saa. Badiliko lolote baadaye lina maana kubwa.
4. Zichunguzwe pia nyonga, visigino, kifua na tumbo.
5. Anayening'inia mtini ahimizwe kuchezesha miguu hadi ateremshwe. Akishateremshwa alazwe chali. Desturi ya zamani ya kumketisha haifai tena.
6. Afunikwe apate joto, kwa kuwa huenda alianza kupoteza joto kabla ya kuanguka.

Kutoka sakafu ya Bonde la Kerio, barabara hupanda kwa kona nyingi kupitia Tambach hadi Iten, na hospitali kuu ya rufaa iko Eldoret. Majeruhi afungwe imara kabla ya gari kuondoka, na hospitali ipigiwe simu mapema.

Hitimisho

Safari hii inahitaji moyo wa kuthubutu, lakini moyo huo hutegemea ubongo wenye oksijeni, vidole vyenye joto na mwili wenye maji ya kutosha. Kwa hiyo rubani aandike mipaka yake akiwa bado ardhini: kimo cha juu, saa ya mwisho ya kuruka, na dalili ya wingu itakayomfanya atue. Nakala ya maandishi hayo aiache kwa mtu atakayemtafuta asiporudi.