Alisi Ukutani: Ya Kufanya na ya Kutofanya Lodwar na Kakuma

Haya ni kwa mwalimu, mkutubi au mfadhili anayetaka kuwaonyesha watoto wa Turkana picha za kale za Alisi katika nchi ya ajabu. Michoro ya John Tenniel ya mwaka 1865 ilikuja kutiwa kwenye vioo vya taa ya picha, mashine ya kale ya kuonyesha picha ukutani, mojawapo ya kampuni zilizoviuza ikiwa W. Butcher & Sons ya London. Ni kazi nzuri mno, haistahili uzembe.

USILETE vioo vyenyewe Lodwar. Joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi, vumbi hupenya kila mfuko, na kioo cha sentimita 8 hakihimili barabara zetu. Viache kwenye makavazi. Leta nakala za kidijitali, projekta na betri ya sola.

SUBIRI giza liingie, na ufunge shuka nyeupe mahali palipokingwa na upepo.

SOMA kwa Kiswahili. Tafsiri zipo: Elisi katika Nchi ya Ajabu ya 1940, ambayo Elisi wake ni msichana Mwafrika, na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya Ida Hadjivayanis, 2015. Mkalimani wa Kiturkana awe kando yako, na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma wa Kisomali na Kiarabu cha Juba pia.

USIKIMBIZE picha. Watoto wa Kakuma wanaijua sinema. Shirika la FilmAid lilianza kuwaonyesha filamu usiku mwaka 2001. Onyesho lako si sinema. Picha moja hukaa pale pale mpaka msomaji amalize, na mtoto akitaka kuuliza jambo kuhusu sungura mwenye saa, nyamaza umsikilize.

USIONYESHE Malkia anayeamuru watu wakatwe vichwa kabla hujazungumza na walezi. Hili silegezi. Kambi ilianza mwaka 1992 kwa kupokea wavulana wa Sudan waliotembea mamia ya kilomita bila wazazi, na hadi leo wapo watoto wanaofika peke yao. Kwao, msichana aliyepotea asijue njia ya kurudi si jambo la kubuni. Usiwaulize mbele ya wenzao kama nao walipotea. Usimpige picha mtoto anayelia. Kaa naye, na hadithi ingoje.

ANZA na Nayeche, usimfanye kiambatisho. Waturkana husimulia jinsi mwanamke huyo alivyotoka nchi ya Wajie, Uganda, akafuata nyayo za fahali aliyepotea hadi kwenye bonde la Tarach. Mwite mzee asimulie mwenyewe, kwa Kiturkana, na umlipe kama unavyomlipa fundi wa projekta. Mtoto aliyemsikia Nayeche kwanza atamwelewa Alisi haraka.

WAPE watoto plastiki angavu na kalamu wamchore Nayeche, kisha uangaze michoro yao kwenye shuka ile ile. Andika jina la mchoraji kwenye kila mchoro anapotaka liandikwe, na usiupeleke Nairobi bila idhini yake na ya mlezi wake.