Mdogo wangu, lipindue kwanza hilo behewa

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Marekani kuhusu behewa la mizigo la treni ya kuchezea ya Lionel, usitoe pesa bado. Najua namba ya ubavuni, 6464, imekutia tamaa. Lakini Lionel waliitumia kwa ukoo mzima wa mabehewa tangu 1953 hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika muda huo kalibu za plastiki zilirekebishwa na milango ikabadilishwa. Ndiyo maana mawili yanayofanana machoni yanaweza kupishana bei vibaya sana.

Anza na mlango. Wa 1953 na 1954 una paneli moja kubwa. 1955 ukaja uliogawanyika vipande vipande. Kisha pitisha kidole ubavuni. Kalibu ya kwanza ina mistari kamili ya ribiti, za baadaye zina mapengo, maana ribiti ziliondolewa ili nembo za reli zichapike vizuri. Sasa lipindue. Fremu za magurudumu za chuma ni za mwanzo, za plastiki ziliingia 1957. Je, vyote vinasema kipindi kimoja? Mlango wa 1953 juu ya fremu za plastiki unadai maelezo. Milango na magurudumu hutolewa kwa urahisi, na mwenye mabehewa mawili mabovu anaweza kuunda moja zuri.

Penye hila hasa ni rangi. Kwa nembo ya reli ya Western Pacific, 6464-100 ya kawaida ni ya rangi ya fedha yenye mchoro wa unyoya wa njano. Ipo pia ya rangi ya chungwa yenye unyoya wa buluu: hiyo ni adimu, na wakusanyaji huitafuta sana. Mwaka 1966 Lionel wakatoa tena ya chungwa na unyoya wa buluu, ila namba yake ni 6464-250. Kwa hiyo tarakimu za mwisho zisome kwa lenzi, moja moja, uone kama kuna iliyokwanguliwa au kuchapwa upya.

Rangi iliyopauka kidogo mimi siilipii hata senti, hata muuzaji akiiita toleo la pekee. Sogeza mlango utazame nyuma yake, mahali jua halikufika. Huko ikiwa imekoza kuliko nje, ujue ni kazi ya jua, wala si ya kiwanda.

Mwombe muuzaji picha ya ndani, ya chini na ya nyuma ya mlango. Akikataa, mshukuru, ukae na pesa zako.