Uzito Ukikwama Baada ya Upasuaji



Tuseme mama amerudi Wote kutoka Nairobi, ambako alipasuliwa na mfuko wake wa chakula ukapunguzwa kama robo tatu. Miezi ya kwanza nguo zilimlegea. Sasa mizani imesimama, nywele zinabaki kwenye kitana, na majirani wananong'ona kwamba ana ule ugonjwa. Usiku anajiuliza, "Je, nilikosea?"

Bwana, usimkemee. Uzito kukwama kwa wiki kadhaa ni kawaida. Mwili unazoea chakula kidogo. Nywele nazo kwa kawaida huota tena. Lakini akitapika mara kwa mara au akizimia, mpeleke kwa daktari upesi.

Mtihani mkubwa ni sufuria ya muthokoi. Huku Kitui na Makueni asiyemaliza sahani huonekana amemdharau mpishi, hasa mpishi akiwa mama mkwe! Basi ni wewe, si mkeo, umweleze mama yako kwamba vijiko vichache vinatosha. Mayai na mbaazi vitangulie, atafune polepole. Vidonge vya vitamini ni vya maisha yote. Vipangiwe fedha pamoja na karo.

Liko jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka, na madaktari hushauri mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Mzunguko wa hedhi unapobadilika, njia ya asili huhitaji mwalimu, na subira ya wote wawili. Zungumzeni mapema, taa ikiwa bado inawaka.