Tablacha au sikio?

Swali: Naanza kujifunza gita. Nisome tablacha, yaani maandishi ya gita ya mistari na namba, au nitegemee sikio tu?

Jibu: Isome, ila usiikabidhi kazi ya sikio. Mistari yake sita ni nyuzi sita: wa juu kabisa ni uzi mwembamba, wa chini ni mnene. Hapo ndipo wengi hupotea, maana gita likiwa mapajani uzi mnene ndio ulio juu. Namba hutaja freti ya kubonyeza. Sifuri ni uzi usiobonyezwa. Ukikuta 0, 1, 0, 2, 3 zimepangwa wima kutoka mstari wa juu, zipige pamoja upate C.

Utaambiwa wapigaji wengi wa rumba walijifunza kwa sikio. Ni kweli, lakini walikuwa na vidole vya mwenzao vya kutazama. Ukiwa peke yako ni vigumu: uzi wa kwanza, ule mwembamba, ukiachwa wazi na uzi wa pili ukibonyezwa freti ya tano hutoa noti ileile. Sikio changa halitatambua upi umepigwa, tablacha inakuambia. Udhaifu wake mkubwa ni mapigo: nyingi hazionyeshi noti idumu kwa muda gani. Kwa hiyo anza na wimbo ambao tayari unaweza kuuimba.