Bakteria wa Udongo Wanaotengeneza Plastiki Inayooza

Plastiki ya kawaida hutokana na mafuta ya petroli. Ikitupwa mitaroni Industrial Area, mvua huisomba hadi Mto Ngong, na haiozi kwa miaka mingi.

Ipo plastiki nyingine, PHB, inayotengenezwa na bakteria wa udongo. Mwanasayansi Mfaransa Maurice Lemoigne aliitambua mwaka 1926. Bakteria hao wakipata sukari nyingi na nitrojeni kidogo, huweka akiba mwilini, kama mtu anavyoweka mafuta. Akiba hiyo ndiyo plastiki. Kwa kuwa ni chakula, vijidudu vingine udongoni huila ikaisha.

Hata hivyo, si kila mfuko ulioandikwa “unaoza” ni wa aina hii. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza Agosti 2017, bado inatumika. Wakazi watenganishe taka zinazooza na zisizooza kuanzia nyumbani.