NDIYO YETU NA IWE NDIYO

Masomo: Mathayo 5:33-37, Walawi 19:35-36, Luka 19:1-10



Jumapili tunapiga magoti pamoja na kuungama kwamba tumemkosea Mungu kwa mawazo, maneno na matendo. Jumatatu asubuhi tunafungua vibanda, tunapanda daladala, tunaingia kazini. Katika somo hili tuyatazame maneno tunayoyasema kuanzia Jumatatu hiyo hadi Jumamosi.

Simu inalia, tunaulizwa tuko wapi. Tunajibu, "Niko Mianzini, nakaribia," nasi bado tuko nyumbani tunakunywa chai. Fundi anaahidi nguo kwa Ijumaa, naye anajua wazi kwamba hataweza. Mteja anaomba kupunguziwa, nasi tunaapa, "Haki ya Mungu, hata mimi sikununua kwa bei hiyo!"

Bwana Yesu alikataza viapo vya namna hii. Alitaka ndiyo yetu itoshe kuwa ndiyo, na siyo yetu itoshe kuwa siyo. Tafakarini sababu yake. Mtu huapa kwa kuwa anajua neno lake tupu halitaaminiwa. Kila kiapo cha sokoni ni ushahidi kwamba tumekwisha kuzoea kudanganyana. Tena, tunapolitaja Jina la Mungu ili tupate faida ya shilingi mia tano, tunamfanya Yeye kuwa shahidi wa uongo wetu.

Wala uongo hausemwi kwa kinywa peke yake. Kipimo nacho husema. Sisi wa Levolosi tunalijua soko la Kilombero, nasi tunaijua lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kichwa juu na kushonwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja tu. Serikali imeikataza, lakini haijaisha. Mama aliyelima viazi kwenye miteremko ya Meru anapunjwa jasho lake. Kisha viazi hivyo hivyo huuzwa kwa sado iliyobonyezwa kitako, na mnunuzi naye anapunjwa. Walawi 19 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki, kwa kuwa Mungu ndiye aliyewatoa watu wake utumwani.

Sisi tunaoandika haya hatusimami pembeni. Tumewahi kununua gunia la lumbesa, tukafurahi kwamba tumepata kwa rahisi, tukamshukuru Mungu kwa baraka. Hatukuuliza ni nani aliyeilipia baraka hiyo.

Kanisa letu la Anglikana lina kumbukumbu njema katika jambo hili. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulianza Gahini, nchini Rwanda, penye hospitali ya misheni, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Yosiya Kinuka, mtumishi wa hospitali hiyo, alisafiri hadi Kampala kumwona Simeoni Nsibambi, akamweleza mabaya yaliyokuwamo kazini. Nsibambi akamwonyesha kwamba shida ilianzia moyoni mwake yeye mwenyewe. Kinuka akarudi Gahini mtu mwingine, na utumishi wake ukabadilika. Watu wengi waliotubu siku zile hawakuishia kuimba. Walirudisha mali walizoiba na kuwaomba radhi waliowakosea. Ndivyo alivyofanya Zakayo. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, ulifika hadi kwenye mfuko wa fedha.

Mtu atauliza: "Nikiuza kwa kipimo cha haki, na jirani yangu anatumia sado iliyobonyezwa, watoto wangu watakula nini?" Swali hili si dogo. Msema kweli huenda akapata hasara siku ya kwanza, pengine na mwezi wa kwanza. Zakayo naye alipungukiwa. Kwa hiyo mzigo huu usiachwe kwa muuzaji peke yake. Sisi wanunuzi tusimbane mtu katika bei mpaka aone hana njia ila kudanganya. Tukimjua muuzaji mwaminifu, twende kwake, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Juma hili tujaribu mambo matatu. Kwanza, tukiulizwa tuko wapi, tuseme tulipo. Pili, tuuze na kununua bila kuapa hata mara moja. Tatu, kama yupo mtu tuliyempunja, twende kwake kabla ya kuja kwenye Meza ya Bwana.

Maswali ya kujadili:

1. Ni uongo gani tumeuzoea mpaka hatuuoni tena kuwa dhambi?

2. Jirani asiyesali pamoja nasi akiulizwa, je, atasema neno letu linaaminika?

3. Usharika wetu umsaidieje Mkristo anayepata hasara kwa sababu ya kusema kweli?

Bwana aitie nguvu ndiyo yetu. Amina.